Sauti 24 ndani ya kichwa kimoja: ni shahidi gani tunaweza kumuamini?

Leo sileti historia ya mufalme wala ya vita yenye mulisoma tangu sekondari. Naleta historia ya muchezo wa ordinatere. Najua kuko wenye watasema: mutu mwenye alimaliza historia anatafuta nini mu mambo ya watoto? Muniachie dakika kumi na tano tu.

Muchezo wenyewe unaitwa Disco Elysium. Ulitoka tarehe 15 Oktoba 2019. Ndani yake mutu mumoja iko na sauti 24 mu kichwa, na kila sauti iko na jina lake, tabia yake, hata kiburi chake. Sisi wenye tulicheza, kila mara tukikutana mabishano ni yale yale: sauti gani unapenda, sauti gani unachukia? Kila mutu anajibu haraka haraka, sawa vile tunajibu mambo ya mupira. Na mi niko na majibu yangu. Lakini nataka kujibu sawa vile walitufundisha mu oditware: mbele ya kumupenda ao kumuchukia shahidi, uliza kwanza anatoka wapi.

Sauti hizi zilitoka wapi?

Wazo la kwamba ndani ya mutu kuko wengine wanaongea, ni la zamani sana. Socrates wa Athens, mwenye walimuua kwa sumu mu mwaka wa 399 mbele ya Kristo, alisema kwamba tangu utoto wake kuko sauti inamujia. Kufuatana na Plato, sauti ile haikumusukuma hata siku moja kufanya kitu. Kazi yake ilikuwa paka kumuzuia. Mukumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Karibu mwaka wa 405 kisha Kristo, mushairi mumoja wa Kirumi, Prudentius, aliandika shairi refu lenye linaitwa Psychomachia, ni kusema vita ya roho. Mule, Imani anapigana na ibada ya sanamu, Usafi wa mwili anapigana na Tamaa, Uvumilivu anapigana na Hasira, mutu na mutu, na silaha mu mikono. Kwa miaka elfu moja hivi Ulaya yote ilisoma na kuchora vita ile. Mwisho wa karne ya 15, Waingereza walikuwa na mchezo wa kuigiza wenye unaitwa Everyman: kifo kinamuita mutu, na yeye anatafuta nani atamusindikiza. Marafiki wanakimbia. Jamaa wanakimbia. Mali inakataa. Uzuri, Nguvu, Busara na Hisi Tano wanafika karibu na kaburi, kisha wanarudi. Ujuzi anafika paka ku mulango wa kaburi, anasimama pale. Mwenye anaingia naye ndani ni Matendo Mema tu. Sisi wenye diploma tusome ile mara mbili: Ujuzi haingii.

Kisha, mu mwaka wa 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa muchezo wenye unaitwa Dungeons & Dragons. Unachezwa ku meza, na karatasi, kalamu, na dadu. Kila muchezaji anaandika ku karatasi yake mutu wa kubuni: nguvu yake ni namba fulani, akili yake namba fulani, hekima yake namba fulani. Ukitaka kuvunja mulango, unatupa dadu, unalinganisha na namba. Njo ile Prudentius alipoteza sauti: Nguvu na Hekima wako, lakini sasa ni namba, hawaongei. Wakakaa kimya miaka mingi. Michezo ya ordinatere yenye ilifuata ilichukua ile karatasi vile vile. Hata Planescape: Torment ya mwaka wa 1999, kazi nzuri ya maandishi, yenye mutu anaamuka mu nyumba ya maiti bila kukumbuka jina lake, ilifungua maneno mapya ukiwa na hekima ya kutosha, lakini Hekima yenyewe haikufungua kinywa.

Waliofanya namba ziongee ni kikundi cha vijana wa Estonia.

Vijana wa inchi yenye ilibadilisha bendera

Estonia ni inchi ndogo ya Ulaya ya kaskazini. Ilitangaza uhuru wake mu mwaka wa 1918. Mu 1940 Urusi ya Kisoviet iliichukua. Mu 1941 Wajerumani wa Hitler wakaingia. Mu 1944 Wasoviet wakarudi. Uhuru ulirudi mu mwaka wa 1991. Robert Kurvitz, mwenye aliongoza uandishi wa Disco Elysium, alizaliwa Tallinn mu 1984. Ni kusema: aliingia shule karibu na wakati ule ile inchi ya wazazi wake ilipotea na ingine ikatokea pale pale, mu barabara zile zile. Mutoto wa vile anajua mapema kwamba kila ukuta unaweza kuwa na historia mbili.

Yeye na marafiki wake, kati yao mchoraji Aleksander Rostov, walikuwa wanacheza ku meza na dadu, na kidogo kidogo wakajenga dunia yao yenye waliita Elysium. Wakaanzisha kikundi cha utamaduni, ZA/UM. Mu 2013 Kurvitz alitoa roman yenye inatokea mu dunia ile. Iliuzwa vitabu karibu elfu moja tu. Alivunjika moyo sana. Muandishi mwingine wa kwao, Kaur Kender, alimusukuma: kama watu hawasomi kitabu, jaribu muchezo. Njo wakaanza, bila kuwa na ujuzi wa kutengeneza michezo, lakini na miaka mingi ya mabishano ku meza moja.

Matokeo munajua: mu Desemba 2019, kule ku The Game Awards, walipata zawadi nne, kati yake ile ya hadithi nzuri kuliko zote. Mu 2020, BAFTA ya Uingereza ikawapa tatu. Tarehe 30 Machi 2021 ikatoka toleo la mwisho, The Final Cut, lenye karibu kila neno linasikika. Na hapa kuko jambo la kushangaza: sauti zote 24 zinasomwa na mutu mumoja, Lenval Brown. Ni haki. Ni kichwa kimoja. Usipoangalia jina lenye limeandikwa ku ekra, unaweza kusikia uoga ukafikiri ni akili.

Sitaficha mwisho wa hadithi yao: mu 2022 ilijulikana kwamba Kurvitz, Rostov na mwandishi mwenzao Helen Hindpere walikuwa wameshatoka mu kampuni, na mabishano yao yakafika mu tribinali. Dunia yenye walijenga pamoja ku meza, wakaigombania. Hata ile ni historia.

Muji wenye ulishindwa

Muchezo unaanza mu giza. Kuko sauti mbili za zamani sana, za ubongo wa chini, zinamubembeleza mutu asiamuke. Ile mbili hazihesabiwe kati ya 24. Anaamuka mu chumba cha oteli, kichwa kinamuuma juu ya pombe, hajui jina lake, hajui uso wake. Kumbe ni mupolisi. Nyuma ya oteli kuko maiti ya mutu imetundikwa ku muti, siku saba sasa, na hakuna mwenye aliishusha. Yeye njo alitumwa kwa kazi ile. Bunduki yake haiko. Kitambulisho chake cha polisi hakiko.

Muji unaitwa Revachol, mutaa Martinaise. Sisi wenye tulisoma mu Kifaransa tunasikia haraka: majina ni ya kwetu kwa nusu. Muji ule ulikuwa na wafalme. Kisha ukafanya mapinduzi, watu wakaangusha mufalme, wakatangaza Komini. Inchi zingine zikaungana, zikaleta manowari, zikaiponda. Ile ilitokea karibu nusu karne mbele ya hadithi kuanza, lakini matundu ya risasi yangali mu kuta, na muji ungali chini ya amri ya wageni. Ku bandari kuko grevi: sindika ya wafanyakazi imefunga mulango, kampuni inatafuta namna ya kuvunja grevi. Maiti ku muti iko katikati ya mambo yale yote. Sitasema nani aliua, juu kuko wenye hawajacheza. Nasema tu kwamba kama unatafuta jibu mu mambo ya juzi peke yake, hautaliona.

Sasa, namna sauti zinatumika. Kuko makundi mane: akili, roho, mwili, na wepesi wa viungo. Kila kundi liko na sauti sita. Unagawa pointi kumi na mbili kati ya makundi mane. Sauti yenye ulipa nguvu inaongea zaidi, na inaongea bila kuulizwa, katikati ya mazungumuzo na watu wengine. Ukitaka kufanya jambo gumu, unatupa dadu mbili: sita mbili unapita hata kama uko zaifu, moja mbili unaanguka hata kama uko fundi. Kuko majaribio meupe, yenye unaweza kurudilia kisha kujiongezea nguvu. Kuko mekundu: mara moja tu, basi. Mutu wa historia anajua kwamba mambo mengi ya kweli ni mekundu.

Na siri ya muchezo ni hii: hakuna sauti yenye ni nzuri peke yake. Ukiipa nguvu nyingi, inaharibika. Mantiki, yenye tunafikiri ni safi, inapenda sifa. Mutu akiisifu akili yako, inalala. Ile yenye inajua kuigiza na kugundua uongo, yenyewe ni muongo wa kwanza.

Zenye sipendi

Ya kwanza ni Half Light. Mi naiita Giza-nusu. Ni uoga wenye umevaa nguo za ujasiri. Inaona hatari kila pahali, na shauri lake ni moja: piga mbele ya kupigwa. Mara ingine iko na haki, njo maana ni hatari. Mutu mwenye aliishi mu vita anaijua bila kucheza. Unasikia mulango umegongwa usiku, mbele ya akili kuuliza ni nani, ile sauti imekwisha kujibu. Siipendi, lakini siwezi kuifukuza, juu kuko watu wenye wako wazima leo sababu waliisikia. Naomba tu isikae ku kiti cha mbele wakati wa amani.

Ya pili ni Electrochemistry, sauti ya pombe, sigara, na vingine. Watu wengi wanaipenda juu inachekesha. Ni kweli, inachekesha. Ni yule rafiki wa karibu mwenye anakuita kila siku ya mushahara, na siku mushahara hauko anakuita tena akisema atalipa yeye. Muangalie kitu kimoja: haimutukani mutu hata siku moja. Sauti zingine zinamukaripia, yeye anamubembeleza. Kati ya mashahidi wote, mwenye kusema paka vile unataka kusikia njo wa kuandika na kalamu ya kufutika.

Ya tatu, na kwangu njo mubaya wao, ni Authority, Sauti ya Ukubwa. Inataka heshima. Mutu amelewa, suruali imechafuka, hajui jina lake, lakini ile sauti inamuambia: hawa watu hawakuheshimu, wapigie kelele. Na kila mara akifuata shauri lile bila nguvu ya kutosha, anachekwa.

Kwa nini naichukia kuliko uoga na kuliko pombe? Juu ni sauti ya sisi wenye lisansi. Kisha kupata diplome, mi na mwenzangu mumoja wa promosio tulifungua kibanda kidogo hapa Bukavu: fotokopi, kuandika barua za watu, kuuza ma inite. Wiki ya kwanza nilisikia Sauti ya Ukubwa kila saa. Inasema: wewe, mutu wa historia, unamuuzia mutoto wa sekondari inite ya franka mia tano? Inasema: mupite yule asistenti asikuone. Mwenzangu aliisikia pia, tuliongea juu yake waziwazi. Tuliamua kufungua kila siku saa moja ya asubui, ikiongea ao isiongee. Leo kibanda kinalipa nyumba zetu mbili. Lakini naona wengi wa promosio yetu wangali nyumbani, na dosie zao safi ndani ya anvelope, wanangojea kazi yenye itafaa jina lao. Si uvivu. Mi nawajua, si wavivu. Ni ile sauti, na hakuna mutu alisha kuiuliza: wewe ulitoka wapi?

Jibu la sehemu liko na Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisoviet, mwenye kitabu chake juu ya mawazo na lugha kilitoka mu 1934, mwaka ule ule wa kifo chake. Alionyesha kwamba mutoto anaanza kuongea na wengine, kisha anajiongelesha kwa nguvu akiwa anacheza, na mwisho maneno yale yanaingia ndani, yanakuwa mawazo ya kimya. Ni kusema: sauti za ndani zilikuwa kwanza sauti za inje. Basi, Sauti ya Ukubwa yenye inaongea mu kichwa cha kijana wa Congo, kuko mutu aliisema mbele kwa kinywa. Baba mwenye alisema "mwanangu hatalima". Mwalimu mwenye alisema "nyinyi njo ma kadre wa kesho". Walisema kwa upendo. Lakini walikuwa wanaongea juu ya inchi ya wakati wao, yenye diplome ilikuwa inafungua ofisi. Inchi ile ilikwisha kwenda, sauti ikabakia.

Ile yenye inafanana na sisi

Mbele ya kufika ku zenye napenda, tuongee kidogo juu ya Encyclopedia, Sauti ya Elimu. Inajua wafalme wa Revachol moja kwa moja. Ku uwanja wa mutaa kuko sanamu ya Filippe wa Tatu, na yeye iko tayari kukufundisha. Inajua chapa za magari, majina ya vita. Jina la mutu mwenye inakaa mu kichwa chake, haikumupa. Kila mara inafika na habari ya kweli, na mara nyingi habari ya kweli haisaidie kitu kwa wakati ule.

Nilicheka sana mara ya kwanza, kisha nikaacha kucheka. Sisi tulikariri tarehe za Mukutano wa Berlin, tarehe za Komini ya Paris, tarehe za wafalme wa Ubelgiji. Ni vizuri, na mi ninaendelea kuzipenda. Lakini mukumbuke Everyman: Ujuzi anafika ku mulango. Elimu ni shahidi mwaminifu mwenye hajui ni swali gani limeulizwa. Kazi ya kuuliza swali inabakia yako.

Zenye napenda

Ya kwanza ni Shivers, Musisimuko. Ni baridi yenye inapita ku mugongo. Kupitia ile, mutu anasikia muji: upepo juu ya mabati, mashini za kiwanda, mutu asiyemujua mwenye analia mu mutaa wa mbali. Ukiifuata vizuri, kuko pahali muji wenyewe unaongea naye kama mutu, na unajiita kwa jina la mwanamuke, La Revacholière. Nilisimama kucheza usiku ule. Waandishi wangeweza kuipa Komini sauti ya kisiasa, na maneno makubwa. Waliipa mwili wenye unasikia baridi. Kwangu njo namna ya kweli yenye historia inakaa na watu: mbele ya kuwa tarehe, ni kitu mwili unajua. Bibi anapita pahali fulani ananyamaza, na wajukuu wananyamaza pamoja naye bila kujua sababu.

Ya pili ni Esprit de Corps. Jina hilo sihitaji kutafsiri kwa watu wa hapa. Kupitia ile, mupolisi wetu anaona kwa muda mufupi vile wenzake wanafanya mbali, mu kituo chao, mu gari lao. Hawajui kwamba anawaona. Haimupe nguvu ya pekee. Inamukumbusha tu kwamba kazi yake haifanye peke yake. Mutu mwenye alisha kuwa mu kikundi cha masomo, wakati umeme haukuwa na tulikuwa kumi mbele ya buji moja, anafahamu.

Ya tatu ni Inland Empire, mawazo ya ndani. Inaongelesha vitu: kravati inamujibu, maiti inamujibu. Kuko wenye wanasema ni wazimu. Hapa niweke neno moja la heshima. Kuko watu wenye wanasikia sauti kwa kweli, na wanateseka. Muchezo mwingine, Hellblade: Senua's Sacrifice wa mwaka wa 2017, ulijaribu kuonyesha mateso yale, na watengenezaji wake walifanya kazi na profesere wa Cambridge, Paul Fletcher, na watu wenyewe wenye wanasikia sauti. Disco Elysium haiko mu njia ile. Sauti zake ni zile kila mutu iko nazo, zimepewa jina tu. Na Inland Empire, ikiongelesha maiti, inafanya paka vile muhistoria anafanya mbele ya barua ya mutu mwenye alikufa: anamuuliza maswali, akijua kwamba jibu linapitia mu kichwa chake mwenyewe.

Ya ine ni Volition, Sauti ya Nia. Njo ya wengi, na ni yangu pia. Ile inashika moyo. Ikiisha, mutu anaanguka, hata kama mwili wake ungali muzima. Haifurahishe. Ni kavu. Haina utani wa pombe wala uzuri wa Musisimuko. Inasema tu: simama, oga, endelea. Na inafanana na ile ya Socrates: mara nyingi kazi yake ni kumuzuia.

Siku mashahidi wote walinunuliwa

Kuko pahali pamoja mu muchezo penye ningependa kila asistenti wa historia afundishe. Mu oteli kuko mwanamuke mumoja, Klaasje. Ni mushahidi wa maana sana. Ni muzuri, ni mwenye akili, anajua kuongea. Mupolisi anamuhoji, na sauti za kichwa zinamushauri: anasema kweli, muamini. Mantiki inakubali. Ile ya kuigiza inakubali. Kisha, kwa kuchelewa, Nia inasimama na kumuambia mutu jambo la kutisha: hawa wote wameshikwa. Kila mushauri wako, huyu mwanamuke amekwisha kumuweka mu mufuko wake, kila mumoja kwa namna yake.

Mufikirie vizuri. Si Klaasje njo tatizo la kwanza. Tatizo ni kwamba vyombo vyenye mutu alikuwa anatumia kwa kumupima Klaasje, vyenyewe havikupimwa.

Jan Vansina, Mubelgiji mwenye alianza kazi kwa Wakuba wa Kasai mu mwaka wa 1953, alitoa mu 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mudomo. Mbele yake wanahistoria wengi wa Ulaya walisema inchi zisizo na maandishi hazina historia. Yeye akaonyesha kwamba neno la muzee linaweza kuwa ushuhuda, ukilipima: nani alisema, alilipata kwa nani, anafaidika na nini, na kuko mwingine anasema vile? Tulisoma ile mwaka wa kwanza, tukaandika mu kaye. Wakati wa memware yangu, wazee wawili wa kijiji kimoja walinipa habari mbili za vita moja. Mumoja alikuwa anaongea vizuri sana, mwingine anakohoa na kusahau. Mwalimu mwenye alikuwa ananiongoza aliniuliza swali moja tu: kama yule mwenye kukohoa njo angekuwa anaongea vizuri, ungeandika nini? Ni Klaasje yule yule. Nikaandika habari zote mbili, na majina ya ukoo wao, ili musomaji aone nani anafaidika na nini.

Njo sababu nasema kwamba Sauti ya Nia iko juu ya zingine, lakini hata yeye si mwamuzi wa mwisho. Alichelewa. Wakati anaongea, mengi yamekwisha kusemwa.

Sauti ya 25

Iko ingine, na haiko mu kichwa. Ni Kim Kitsuragi, mupolisi mwenzake kutoka kituo kingine. Kim anavaa miwani, anaandika mu kaye ndogo, haongei sana. Hasikii hata moja ya zile sauti 24. Anaona tu vile mutu anafanya. Mutu akitoa neno la kijinga lenye Sauti ya Ukubwa ilimupa, Kim anainua nyusi kidogo, basi. Akitoa neno la maana, Kim anaandika. Kisha siku chache, muchezaji anagundua kwamba mbele ya kufanya jambo anajiuliza: Kim ataandika, ao atainua nyusi?

Kwa mutu wa historia, Kim ni ushuhuda wa pili, ule wa inje. Kichwa kimoja, hata kiwe na washauri 24, kinabakia shahidi mumoja. Na kama Vygotsky ana haki, kuko faida ingine: kama sauti za ndani zilikuwa kwanza sauti za inje, basi sauti ya Kim, ukiisikia siku za kutosha, nayo itaingia. Mi niko na mwenzangu wa kibanda. Yeye haongei sana pia. Asubui nikifika nimenuna, anaangalia saa, anafungua mulango, anawasha mashini ya fotokopi. Sasa hata siku yenye hayuko, nasikia ile mashini ikiwaka mu kichwa changu mbele ya mi kufika.

Basi wapenzi, mabishano yaendelee. Muandike hapa chini sauti yenye munapenda na ile yenye munachukia. Na wenye hawajacheza wataje tu ile wanasikia asubui. Lakini kwa kila moja muongeze mistari miwili: nani alikuwa wa kwanza kukuambia maneno yale kwa kinywa, na leo ni nani wa inje anaweza kukuhakikishia kwamba ni kweli.